"Kusoma" Vinasaba: Uhakiki wa Istilahi Moja

Mwanafunzi wa Tenke anayejifunza uchambuzi wa jenomu hana budi kupita katika lugha tatu: Kiswahili cha nyumbani na sokoni, Kifaransa cha darasani, na Kiingereza cha programu za kompyuta. Akiulizwa na wazazi wake anafanya kazi gani, ni rahisi ajibu kwamba mashine "inasoma" vinasaba. Jibu hilo ni jepesi, nalo lapotosha.

Mashine haisomi. Huorodhesha herufi nne, A, C, G na T, kipande kwa kipande, tena kwa makosa. Kuchuja makosa hayo, kupanga vipande na kuvilinganisha ni kazi nyingine. Jenomu ya kirusi cha Ebola ina herufi 19,000 hivi, wala hakuna nafasi ioneshayo jeni ianzapo na ikomapo.

Wachunguzi wa Kiswahili cha Katanga wanaifahamu taabu hiyo. "Vocabulaire de ville de Elisabethville" ya André Yav, ya mwaka 1965, ilipigwa taipu bila utaratibu thabiti wa kutenganisha maneno. Johannes Fabian, aliyeitoa mwaka 1990 kwa msaada wa Kalundi Mango, alihitaji isomwe kwa sauti ndipo maneno yajitenge. Taipu ilihifadhi herufi. Aliyesoma ni yule aliyekijua Kiswahili cha mji.

Mwaka 2021 Placide Mbala-Kingebeni wa INRB, Kinshasa, na wenzake walieleza habari za mgonjwa wa Kivu ya Kaskazini aliyeugua Ebola tena miezi 6 hivi baada ya kupona. Kwa kulinganisha jenomu walionesha kwamba hakuambukizwa upya: kirusi cha kwanza ndicho kilichorudi, kikazaa mnyororo wa visa 91. Hapo "vinasaba" ni istilahi njema, kwani kilichotafutwa ni nasaba hasa.

Neno "kusoma" likiachiwa mashine, chuo kilichonunua mashine kitajidhania kina wasomaji, na maana ya sampuli za Lualaba itaendelea kuagizwa kutoka ng'ambo. Kifaransa nacho kina kosa lilo hilo, maana kila kipande hukiita "lecture". Atafsiriye neno kwa neno hulihamisha kosa zima zima. "Kunakili" hakufai, kwa kuwa seli yenyewe hunakili DNA yake. Yafaa mashine ipewe "kuorodhesha", na zao lake liitwe "kipande" tu. "Kusoma" kubaki kwa mchambuzi.