Breki Nafungua, Usukani Napeleka Malindi

Probox yangu ilipata maradhi mawili katika juma moja. Kwanza breki za mbele zilianza kulia, mlio mwembamba wa chuma uliosikika kutoka barabara kuu ya Gongoni hadi mlangoni kwangu. Kisha usukani ukalegea: naugeuza kidogo, gari halijibu mpaka niongeze, na kwenye mashimo ya kuelekea Marereni linagonga upande wa kushoto kama mtu anayebisha hodi. Wazee wa kijiweni walinipa ushauri mmoja. Tairodi ni nati mbili tu, fungua mwenyewe. Breki ni roho za watu, peleka kwa fundi. Nilifanya kinyume chake, na hadi leo naamini nilifanya sawa.

Wengi wetu tunapima kazi kwa ugumu wake. Kazi ikiwa na nati chache tunaiita ndogo. Mimi nimejizoeza kujiuliza maswali mengine mawili: nikikosea, gari lina njia ya pili ya kuniokoa? Na je, naweza kulijua kosa langu kabla sijatoka uani?

Tukianza na njia ya pili, breki za gari la kisasa zina akiba. Masta silinda moja ina vyumba viwili, kila kimoja kikisukuma mafuta kwa magurudumu yake, ama mbele na nyuma, ama kwa mshazari. Upande mmoja ukivuja, pedali itashuka sana na gari litachelewa kusimama, lakini litasimama. Juu ya hapo kuna breki ya mkono, inayovutwa kwa waya wala haina haja ya mafuta. Usukani hauna akiba hiyo. Kutoka mikononi mwako mwendo unashuka kwenye shafti, unaingia kwenye reki, unapita tairodi na kufika kwenye gurudumu, na kila kiungo hapo kiko peke yake. Tairodi ikichomoka, gurudumu hilo linakwenda linakotaka. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari.

Basi breki za mbele nilizifungua mwenyewe, chini ya mkorosho, asubuhi. Ardhi yetu ni mchanga, kwa hiyo jeki niliiweka juu ya kipande kinene cha ubao, magurudumu ya nyuma nikayazuia kwa mawe, na gari likakaa juu ya stendi za chuma kabla sijaingiza mkono. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu hafanyi kazi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Nilifungua bolti ya chini ya kalipa, nikaiinua kama kifuniko cha sanduku, na sababu ya mlio ikaonekana. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12, na zikifika 3 huwa ni wakati wa kuzitoa. Ya nje ilikuwa bado na 5. Ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, na kile kibati chake cha onyo, kilichowekwa kiwandani ili kipige kelele, kilikuwa kinasugua diski. Pedi mbili za gurudumu moja zinapolika kwa tofauti kubwa hivyo, mara nyingi kosa haliko kwenye pedi. Kalipa hii huteleza juu ya pini mbili ili ibane pande zote sawasawa, na pini yangu moja ilikuwa imeganda kwa kutu. Ningebadilisha pedi na kufunga, ile mpya ya ndani nayo ingekwisha mapema. Hapa ndipo mwenye gari anapoweza kumshinda fundi mwenye foleni ya magari kumi: ana muda wa kuuliza kwa nini. Nilizisafisha pini, nikazipaka grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida hufurisha mipira.

Kutu hiyo haikunishangaza. Kuanzia Gongoni, Ngomeni hadi Marereni na Kurawa tunaishi kando ya mashamba ya chumvi, na upepo wa bahari hauchagui mabati ya nyumba na vyuma vya gari. Ndiyo maana huku kwetu kazi ya breki ina mpaka ambao vitabu vya Japani havikuuchora. Naiita kazi kavu na kazi ya mafuta. Kubadilisha pedi ni kazi kavu: hufungui bomba lolote. Unavuta mafuta kidogo kutoka kwenye chupa ya juu kwa bomba la sindano yasije yakamwagika na kubabua rangi, unairudisha pistoni ndani polepole, unapanga pedi, unafunga. Kazi ya mafuta huanza pale unapogusa nipeli ya kutolea hewa au nati ya bomba. Nipeli iliyokaa miaka mitano katika hewa hii inaweza kukatika mkononi, na ikikatika gari halitoki hapo mpaka kalipa ing'olewe. Nilizitazama zangu, nikaona zimevimba kutu kama mbegu, nikaziacha.

Kuna kosa moja la kazi kavu ambalo lazima nilitaje kwa sababu lilinipata miaka iliyopita. Pistoni ikisharudishwa ndani, kukanyaga kwa kwanza hakufiki kwenye diski. Pedali huenda hadi chini. Siku ile niliwasha gari, nikarudi nyuma, nikakanyaga, hakuna kitu. Mkorosho ulinisimamisha, na mwanangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Tangu siku hiyo sitii gia kabla ya kukanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu, na kuishikilia kwa nguvu dakika nzima nione kama inazama. Kisha nasogea mwendo wa mtu anayetembea, nasimama, narudia. Hilo ndilo jibu la swali langu la pili: kosa la pedi hujitokeza hapo uani, ukilitafuta.

Mafuta ya breki nilimwachia fundi mwenye zana, na sikuyaahirisha. Mafuta haya hunyonya unyevu, na pwani unyevu hauna msimu. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, kwa hiyo pedali inakuwa laini wakati ule ule unapoihitaji. Barabara zetu za tambarare zinatuficha jambo hili. Mtu anazunguka Mambrui na Malindi mwaka mzima na mafuta mabovu asijue, hadi siku anaposhuka Mazeras nyuma ya malori, gari limejaa watu.

Usukani niliupima nyumbani, nikaishia hapo. Gari likiwa juu, nilishika gurudumu kushoto na kulia nikalitikisa: likacheza. Nikalishika juu na chini: halikucheza, kwa hiyo beringi na boljointi zilikuwa salama. Nikaweka kiganja kwenye kichwa cha tairodi huku mwanangu akitikisa, nikaisikia ile hodi. Kupima mwenyewe kunakuokoa na kuuziwa vipuri usivyovihitaji. Lakini kichwa cha tairodi hukaa ndani ya tundu la umbo la pia, na kinashika kwa kubanwa sawasawa. Bila kifaa cha kuking'olea unapiga nyundo, na bila spana ya kupimia nguvu unakisia. Kikikaa vibaya kitaonekana kigumu hapo uani na kulegea baada ya siku nyingi za mashimo. Sina namna ya kulijua kosa hilo mapema.

Malindi nilimchagua fundi anayekuruhusu kusimama karibu. Alihesabu mizunguko alipokuwa akifungua kichwa kibovu, kumi na saba na nusu, akakiingiza kipya kwa hesabu ile ile. Nati ilipokazwa, tundu la kotapini halikulingana na mwanya wa nati.

"Turudishe nyuma kidogo?" nikauliza.

"Hapana, kaka. Nati hii hairudi nyuma. Inaongezwa mpaka ilingane."

Akaikunja kotapini mpya, akanionyesha ile ya zamani, akaitupa. Halafu gari likapanda kwenye mashine ya kulinganisha magurudumu, kwa sababu hesabu ya mizunguko hukufikisha karibu tu, na tofauti ndogo ya milimita hula tairi la mbele kama kisu. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinataka kila chombo barabarani kiwe na sehemu zilizotunzwa zisimhatarishe mtu. Kwa hiyo hata kazi ya fundi ni yangu kuikagua kabla sijaliondoa gari.

Nilirudi kupitia daraja la Sabaki nikiwa nimelegeza mikono, na gari lilinyooka. Nyuma zimebaki dramu. Springi zake ni nyingi na zinachanganya, ila ni kazi kavu kama silinda haivuji. Jumamosi nafungua ya kushoto peke yake. Ya kulia itabaki imefungwa hadi nimalize, niwe na mfano wa kutazamia.