Jagi la Mwingereza: Sanaa ya Nani?

Wako watu wanaokusanya majagi ya zamani ya Kiingereza, ya udongo uliochomwa, yenye picha za mawindo: mabwana juu ya farasi, mbwa wakifukuza, mbweha akikimbiza roho yake. Mkono wa jagi mara nyingine ni mbwa aliyejinyoosha. Msomaji wa Nyakakika atauliza: sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, maana hakuna sanaa isiyo na tabaka.

Tuanze na picha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1671 iliwaachia wenye mali haki ya kuwinda, na sharti hilo la mali lilidumu mpaka 1831. Mkulima aliyenasa sungura alikuwa mhalifu. Kabaila alikuwa mwungwana. Picha ile basi ni sifa za kabaila.

Na mfinyanzi je? Katika viwanda vya Staffordshire vumbi liliharibu mapafu ya wafanyakazi, na watoto walitumikishwa tangu utotoni. Sheria ya viwanda iliwafikia mwaka 1864 tu, na Marx alieleza mateso yao katika kitabu cha *Mtaji* mwaka 1867. Juu ya jagi wao hawaonekani.

Mchezo huo ulifika Karagwe pia. Mwaka 1861 Speke, mgeni wa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, aliwinda vifaru, na ziwa la hapo akaliita kwa jina la ziwa la kwao. Mwaka 1896 serikali ya Kijerumani ikaweka vibali vya kuwinda. Mwenye pori akageuzwa jangili.

Hatusemi jagi livunjwe. Ufundi wa mfinyanzi ni halali yake, na wala hauna kosa. Kosa ni la mkusanyaji anayejua muhuri wa kiwanda lakini hamwulizi aliyeukanda udongo.

Lakini tujikosoe nasi. Hazina ya Rumanyika, ambayo Stanley aliiona mwaka 1876, ilikuwa na vitu vya chuma na shaba vya ufundi mkubwa. Jina la mfalme tunalo. Wahunzi waliofua vitu vile, nani anawataja? Na leo tukinywa rubisi kwa kibuyu, nani anamkumbuka aliyekitengeneza?

Kazi iliyo mbele yetu ni ndogo, na inawezekana. Walimu na vijana wa Nyakakika wakusanye vyungu, vibuyu na majembe ya zamani, na kando ya kila kimoja waandike jina la fundi. Chombo kisicho na jina la mvujajasho wake ni nusu ya historia.