Mfiwa Asiyelia

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hiyo ndiyo adabu ya msiba: jirani haangui kilio kabla ya mwenye maiti. Lakini filamu ya uzee na kufiwa, ikitengenezwa na fundi wa kweli, huugeuza utaratibu huo. Katika Up, katuni ya Pixar ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Pete Docter, mzee Carl Fredricksen anampoteza mkewe Ellie, na hatumwoni akiangua kilio. Anakaa kanisani peke yake, maputo yako nyuma yake, kisha anarudi nyumbani na puto moja mkononi. Wanaolia ni waliokaa vitini: watu wazima waliowapeleka watoto kutazama katuni, ambao filamu haijafika mbali tayari wanafuta macho.

Machozi hayo yana mizizi katika dakika nne hivi zisizo na mazungumzo, ambamo ndoa nzima inapita. Ellie anamfunga mumewe tai. Tunaiona mikono ikikaza fundo, kisha tai nyingine, rangi nyingine, fundo jingine, upesi upesi, na mwishowe mwenye tai na mwenye mikono wote ni wazee. Hatukuambiwa kwamba miaka imepita. Tumeiona ikipita shingoni mwa mtu. Wana kibubu cha kioo cha safari waliyoiota tangu utotoni. Gari linapata pancha, kibubu kinavunjwa. Mguu unavunjika, kinavunjwa. Mti unaangukia nyumba, kinavunjwa tena. Habari kwamba hawatapata mtoto tunaipata kwa kuchungulia mlangoni mwa chumba cha hospitali, Ellie kainama, na sauti ya daktari hatuisikii. Kisha kuna kile kilima. Ujanani Ellie anatangulia kukipanda, Carl anafuata kwa taabu. Uzeeni Carl ndiye aliyetangulia, na anapogeuka, Ellie ameanguka. Mteremko ni ule ule na mti ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anayemsubiri mwenzake.

Wapo wanaosema hizo ni hila tu, kwamba muziki ndio unaotukamua machozi. Hoja hiyo ina uzito, maana muziki wa kukamua machozi upo na ni rahisi kuutengeneza. Lakini tuusikilize huu wa Michael Giacchino. Unaanza kama dansi ya mapigo matatu, mchangamfu, wenye tarumbeta na fidla, na tunaupokea tukiwa tunatabasamu. Mwishoni unarudi wimbo huo huo, piano peke yake, polepole. Haukuja kutuamrisha tulie. Ulikuja na furaha, nasi tukaizoea, na ilipopungua tukajua wenyewe kilichoondoka. Hapo ndipo hila na ufundi vinapoachana. Hila humwambia mtazamaji ahuzunike. Ufundi humkabidhi tai, kibubu na kilima, ukamwachia yeye kazi ya kukumbuka watu wake.

Wengine watasema machozi ya ukumbini ni ya bure, kwamba mtu humlilia mzee wa kuchorwa huku bibi yake kijijini hajaonwa mwaka mzima. Ni lawama ya haki kwa mtazamaji, lakini si kwa fundi. Mwaka 1937 Leo McCarey aliongoza Make Way for Tomorrow, habari ya mke na mume wazee waliopoteza nyumba yao kwa benki, na watoto watano wasiopata nafasi ya kuwaweka pamoja. Wanaagana kwenye stesheni ya treni, kwa maneno ya kawaida, kama watakaoonana tena. Studio ilitaka mwisho wa furaha, McCarey akakataa, na filamu haikupata watazamaji wengi. Alipopewa Oscar kwa filamu yake nyingine ya mwaka huo huo, The Awful Truth, aliwaambia waliompa kwamba wameitoa kwa filamu isiyo yenyewe. Mbegu ile haikufa. Mwaka 1953 iliota Japani, katika Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ambamo mzee aliyefiwa alfajiri hiyo anatoka nje na kuzungumzia uzuri wa mapambazuko. Naye halii. Fundi aliyemnyamazisha mzee huyo hakutupa machozi ya bure. Alituachia deni, na kulilipa ni juu yetu.

Ufundi huu unatutoka. Siku hizi mjane wa filamuni huueleza uchungu wake sentensi kwa sentensi, na fidla hulia kabla hatujamjua marehemu, kana kwamba watengenezaji hawatuamini tena. Na sisi tumewapa sababu ya kutotuamini. Tunatazama simu iko mkononi, tunarusha mbele pale pasiposemwa neno, na mahali hapo ndipo fundi alipoweka kila kitu. Asiyeona mikono ikifunga tai hataelewa kwa nini shingo ya mjane inauma kuitazama. Basi mzee akinyamaza kwenye skrini, tuweke simu chini, tunyamaze naye. Na filamu ikiisha, simu hiyo hiyo tuishike tena, tumpigie bibi.