Lugha ya Goti: Uhakiki wa Kijitabu cha Mgonjwa

Tuliletewa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachomweleza mgonjwa namna ya kujitayarisha kwa upasuaji wa kubadilisha goti na namna ya kujiuguza baadaye. Tuliombwa tutazame kama Kiswahili chake ni sanifu. Hospitali iliyokitoa hatutaitaja, kwani makosa tuliyoyakuta si yake peke yake; yamo katika maandishi mengi ya tiba yanayopita mikononi mwa wafasiri wetu. Sarufi ya kijitabu ni safi. Upatanisho wa ngeli haukukosewa hata mara moja, na tahajia ni ya kamusi. Walakini tulipokwisha kukisoma tuliona kwamba mgonjwa atakayekifuata neno kwa neno huenda akafikwa na madhara.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Kijitabu kinamwamuru mgonjwa asile kitu baada ya saa 12 usiku. Mwandishi wa Kiingereza alikusudia usiku wa manane, yaani saa 6 ya usiku kwa hesabu yetu. Mfasiri amehamisha tarakimu, saa ameiacha Ulaya. Sasa msomaji wa Tanga au wa Kisumu afanye nini? Saa 12 ya usiku haipo katika Kiswahili: iko saa 12 ya jioni, jua linapotua, na iko saa 12 ya asubuhi, linapochomoza. Akichagua ile ya kwanza ataumwa na njaa usiku kucha bila sababu. Akichagua ya pili ataamka alfajiri, apikiwe uji na wanawe wanaompenda, anywe ashibe, kisha aende hospitali akiamini kwamba ametii. Mtu mwenye chakula tumboni anapotiwa usingizi wa dawa, chakula hicho chaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni, na hayo huweza kumwua. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni kwamba mtu mzima aache kula kwa muda wa saa 6 kabla ya dawa, na maji matupu kwa muda wa saa 2. Tumeandika "muda wa" kwa makusudi, kwani bila maneno hayo mawili tutakuwa tumeanguka katika shimo lile lile.

Shimo hilo limechimbwa tena katika ukurasa wa dawa za maumivu, zinazotakiwa zimezwe "kila saa 8". Msomaji makini ataelewa kwamba ni mara 3 kwa siku. Lakini bibi aliyezoea kusikia kwamba basi huondoka kila saa 8 ataelewa kwamba ni kila siku mchana, saa 8 ikigonga, yaani kidonge kimoja tu. Goti lililotoka kukatwa halistahimiliki kwa kidonge kimoja. Na mgonjwa anayeumwa mno hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi goti lake hukakamaa. Yafaa kuandika: "meza kidonge 1 asubuhi, 1 alasiri na 1 usiku wa kulala". Maneno ni mengi zaidi, na mhariri anayehesabu nafasi atanung'unika. Na anung'unike.

Neno "usile" nalo lina mambo yake. Katika nyumba zetu nyingi chai isiyo na kitafunio haihesabiwi kuwa chakula, na mtu aliyekunywa vikombe 2 vya chai ya maziwa atakuapia kwamba tangu jana hajatia kitu kinywani. Waganga huyahesabu maziwa kuwa chakula. Kwa hiyo katazo linalofaa ni lile linalotaja vitu kwa majina: asile, asinywe maziwa wala chai ya maziwa wala uji, maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa aliyoambiwa. Wako waliopendekeza neno "kufunga". Hatuliungi mkono, kwa kuwa Mwislamu anayefunga huanza alfajiri na kabla ya hapo hula daku, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha linalotakiwa.

Sasa tuje kwenye jina la upasuaji wenyewe. Matatu yanatumika: kubadilisha goti, kupandikiza goti na kuweka goti bandia. Kila moja lina kasoro, na kasoro hizo zina uzito usio sawa.

"Kupandikiza" ndilo baya kuliko yote. Mkulima hupandikiza mche uliooteshwa kwingine, na katika tiba neno hili limekwisha kushika maana ya kiungo kilichotoka kwa mtu mwingine. Sote tunasoma habari za upandikizaji wa figo na tunajua kwamba yuko ndugu aliyetoa. Ukimwambia mzee kwamba atapandikizwa goti, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: la nani? Na kama ana shaka kwamba ni la maiti, huenda asiulize, akaondoka asirudi tena.

"Bandia" lina matatizo mengine. Meno bandia tumeyazoea, na hakuna anayeyaona kuwa ya udanganyifu. Lakini neno hilo hilo ndilo la noti bandia na dawa bandia, na mamlaka za dawa hulitumia kila siku zinapowaonya watu. Zaidi ya hayo, kijitabu kinasema "kiungo bandia", na hapa ndipo neno "kiungo" linapoingia na mzigo wake wote. Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Kiungo ni mkono au mguu. Kiungo ni ini na moyo. Kiungo ni bizari jikoni. Aliyekwisha kuona mguu bandia wa mtu aliyekatwa atasoma "kiungo bandia" na kuona mbele yake msumeno ukipita juu ya goti. Hatusemi hivi kwa kubuni hofu. Neno moja la mkato limetumika kwa kifaa kinachofungwa nje ya mwili baada ya mguu kukatwa, na pia kwa kifaa kinachowekwa ndani ili mguu usikatwe wala usiachwe.

Linabaki "kubadilisha goti", ambalo magazeti na redio zimekwisha kulieneza. Nalo husema zaidi ya ukweli, kwa kuwa goti halitolewi likawekwa jingine. Mpasuaji hufunua goti, huparuza ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi kwa unene wa milimita chache tu, huzivika vifuniko vya madini, aghalabu mchanganyiko wa kobalti na kromu kwa upande wa paja, na kati yake huweka kipande cha plastiki ngumu kitakachofanya kazi ya gegedu iliyolika. Mishipa na misuli hubaki kuwa ya mwenyewe. Pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa, mara nyingine huwekewa kipande cha plastiki kwa nyuma na mara nyingine huachwa ilivyo. Mwaka 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck alijaribu kuweka bawaba ya pembe ya ndovu mahali pa goti lililoharibiwa na kifua kikuu, na hapo kweli mtu angeweza kusema goti limebadilishwa. Goti la siku hizi linafanana zaidi na kazi ya mganga wa meno anayelivika jino lililooza juu.

Je, tubuni neno "uvikaji wa goti"? Wako wenzetu watakaolipenda, nasi tulilipenda kwa siku mbili. Lakini jina lililokwisha kukaa vinywani mwa wagonjwa, wauguzi na watangazaji haliondolewi kwa waraka. Shauri letu ni kwamba "kubadilisha goti" libaki kuwa jina, na sentensi ya kwanza chini yake iseme waziwazi: mguu haukatwi, kitu cha mtu mwingine hakiwekwi, mifupa yako inavikwa vifuniko. Na gegedu ielezwe pia. Neno ni sahihi, limo katika vitabu vya biolojia vya shule, lakini mtu aliyemaliza darasa la nne miaka 50 iliyopita halijui. Mwambie ni ile nyama nyeupe ya ncha ya mfupa anayoitafuna anapokula kuku, naye hatasahau.

Juu ya dawa ya kuondoa maumivu wakati wa kupasuliwa, kijitabu kina neno moja tu, "sindano ya usingizi". Kwa goti, mara nyingi sindano hupigwa mgongoni, miguu ikafa ganzi na mgonjwa akabaki macho. Basi mzee aliyeahidiwa usingizi anajikuta anasikia msumeno ukilia na nyundo ikigonga, na anaamini kwamba dawa imeshindwa na maumivu yatakuja wakati wowote. Lugha yetu haikosi maneno: ganzi ni ganzi, nusukaputi ni nusukaputi. Ni uvivu tu uliowatia wote katika chumba kimoja.

Ubaya unaokaribia ule wa saa ni "dawa ya kupunguza damu". Baada ya upasuaji huu damu huweza kuganda katika vena za mguu, bonge likasafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa kwa siku au majuma kadhaa. Dawa hiyo haipunguzi damu hata tone moja. Mgonjwa ambaye ametoka kuambiwa kwamba damu yake ni pungufu, na ambaye ndugu zake wamekwisha kumtafutia maini na mchicha ili iongezeke, hawezi kuimeza dawa ya kuipunguza. Ataificha chini ya godoro, na kwa akili yake amefanya jambo la busara. Iandikwe "dawa ya kuzuia damu isigande mishipani".

Katika sehemu ya kujiuguza kosa kubwa ni neno "apumzike". Kwetu mgonjwa anayepumzika hulala, na heshima ya jamaa ni kumfanyia kila kitu: aletewe maji, ainuliwe, awekewe mto laini chini ya goti. Hayo yote hudhuru. Mgonjwa wa goti husimamishwa siku ile ile au kesho yake, na mto chini ya goti hulizoesha kukunjika hata likashindwa kunyooka tena. Mto uwekwe chini ya kisigino. Aidha, maagizo ya ngazi yanasema "tanguliza mguu mzima unapopanda". Mguu mzima ni upi: ule usio na ugonjwa, au mguu wote toka pajani hadi unyayoni? Iandikwe kwamba akipanda atangulize mguu ambao haukupasuliwa, na akishuka atangulize uliopasuliwa pamoja na gongo.

Tena kuna mambo ambayo mfasiri hakuyakosea kwa kuwa hayakuwamo katika asili. Kurasa mbili nzima zinaeleza jinsi ya kuingia na kutoka katika motokaa. Juu ya mkeka, hakuna neno. Juu ya choo cha kuchuchumaa, hakuna neno. Juu ya kusujudu na kupiga magoti kanisani, hakuna neno, ingawa haya ndiyo maswali ya kwanza ya wagonjwa wetu, na majibu yake yapo: goti lililovikwa aghalabu halikunjiki hata mtu achuchumae kabisa, kupiga magoti si marufuku daima jeraha likishapona, lakini wengi huona tabu, choo kinahitaji kiti kilichotobolewa, na kiti hicho seremala akitengeneze kabla ya siku ya upasuaji. Yuko atakayesema kwamba si kazi ya mfasiri kuongeza. Kwa shairi tungekubali. Kwa kijitabu cha hospitali, mfasiri aliyeona pengo na akanyamaza ameacha kazi nusu. Angalau amwandikie daktari barua.

Vivyo hivyo dalili za hatari. Mgonjwa anaambiwa atazame "wekundu" kuzunguka jeraha. Ngozi nyeusi yenye uchafu ndani yake mara nyingi haionyeshi wekundu wowote. Huwa na weusi uliozidi, hung'aa, huvimba, nayo huwa ya moto ukiigusa. Joto, usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na uvimbe au maumivu katika shavu la mguu: hizo ndizo dalili za kuandikwa, na wekundu uje mwisho.

Neno la mwisho ni "kupona", ambalo kijitabu kinalitumia kwa kila hatua. Lugha yetu ina ngazi: mtu hupata ahueni, kisha nafuu, kisha hupona. Kidonda hufunga katika majuma machache. Kutembea bila gongo huja kwa wengi baada ya majuma 6 hivi au zaidi. Uvimbe huweza kukaa miezi, na goti huendelea kupata nguvu hata mwaka 1. Anayeahidiwa kwamba atapona kwa majuma 6, na siku ya 43 bado anachechemea, atasema madaktari wameharibu, na mazoezi atayaacha wakati anapoyahitaji zaidi. Ahadi ya kweli si ndogo: uchunguzi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiasi cha magoti 82 kati ya kila 100 hudumu miaka 25.

Kijitabu tumekirudisha pamoja na masahihisho haya. Tumeomba nakala zilizokwisha kuchapwa zisigawiwe kabla ya ile saa 12 kufutwa kwa kalamu, nakala moja moja. Mengine yanaweza kungoja chapa ya pili.