Picha ya Mateka katika Tangazo la Tamthilia

Wahakiki wa tamthilia huanza kazi yao pazia linapofunguliwa. Lakini hadhira huwa imekwisha kuuona mchezo siku nyingi kabla, katika picha iliyobandikwa ukutani. Picha hiyo ni fasiri ya kwanza ya tamthilia, na mara nyingi hutolewa na mtu ambaye hakuisoma.

Chukua The Trial of Dedan Kimathi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, wote wawili walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliitoa mwaka 1976, na mwaka huohuo ikachezwa katika Jumba la Taifa la Maigizo. Kila kikundi cha chuo kinapotaka kuirudia hukabiliwa na kishawishi kimoja: picha ya Kimathi akiwa amelala, pingu mikononi, baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Sura hiyo inajulikana. Likibandikwa tangazo Kitengela, au Ongata Rongai karibu na shule ya Laiser Hill, mpita njia ataitambua mara moja na atasimama. Kwa mwenye tikiti za kuuza, hoja hiyo si ndogo.

Hata hivyo, picha ile ilipigwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni, ili wananchi wamwone shujaa wao ameshindwa. Tamthilia imetungwa kuipinga hukumu hiyohiyo: mshtakiwa anakataa kujibu mashtaka, na ukimya wake ndio unaoitia mahakama kizimbani. Tangazo linalomlaza tena mateka linamrudishia mkoloni neno la kwanza. Sanamu iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake, ilikwisha kumsimamisha na bunduki mkononi. Ajabu ni kwamba wasanii wabaki nyuma ya sanamu ya barabarani!

Lakini hata bunduki ya shujaa mmoja haitoshi. Waandishi hawa hawakumtungia Kimathi peke yake: Mwanamke, Mvulana na Msichana ndio wanaoibeba hadithi hadi mwisho, na watazamaji wa 1976 waliungana na wachezaji kwa nyimbo na ngoma hadi nje ya jumba. Picha ya uso mmoja inawafuta hao wote.

Ipo picha iliyo bora zaidi, nayo imo ndani ya mchezo wenyewe. Bastola inasafirishwa imefichwa ndani ya mkate. Mwongozaji na ampige Msichana wakati wa mazoezi, mkate mikononi, kabla hajajua kilichomo. Atakayeiona atajiuliza mtoto huyu anaogopa nini kwa mkate, naye hatapata jibu mpaka aingie ukumbini.