Lango la Thabeet: Jinsi Jim Calhoun Alivyojenga Ulinzi, na Somo Lake kwa Makocha wa Kwale

Ukanda wa kusini mwa Pwani unaujua mpira wa vikapu. Wasichana wa Kaya Tiwi wamelifanya jina la Tiwi lihesabiwe miongoni mwa shule zinazoogopwa katika mashindano ya sekondari nchini Kenya, na ukivuka feri ya Likoni unakutana na KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambayo timu zake za wanaume na za wanawake ni majina makubwa kwenye ligi ya taifa. Kwa hiyo kuanzia Diani hadi Msambweni hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba kocha mzuri huibadilisha shule. Tunachokosa ni mazungumzo ya namna kazi hiyo inavyofanywa. Tunasifu kombe, kisha tunasahau kuuliza lilipatikana vipi.

Leo nachambua kazi ya Jim Calhoun, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, mmoja wa wachezaji waliotimiza fikra yake kikamilifu zaidi alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi. Pili, kiini cha alichokifanya hakihitaji fedha za Marekani. Kinahitaji uamuzi, mafunzo na miaka.

Alikoanzia

Calhoun alizaliwa mwaka 1942 katika jimbo la Massachusetts. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 15, naye akaingia katika kazi za mikono, ikiwemo kuchonga mawe, ili kusaidia nyumbani. Alifundisha timu ya sekondari, kisha akakaa miaka 14 katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, kuanzia 1972 hadi 1986. Ndipo akachukua timu ya Connecticut.

Chuo hicho kiko Storrs, mahali pa mashambani palipo mbali na miji mikubwa. Kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Msimu wa kwanza wa Calhoun ulikuwa mchungu: ushindi 9, vipigo 19. Hakufukuzwa. Mwaka 1988 alishinda NIT, mashindano ya ngazi ya pili kwa vyuo. Mwaka 1990 timu ilishinda mechi 31. Ubingwa wa taifa ulikuja 1999, katika msimu wake wa 13 chuoni hapo, kwa ushindi wa 77–74 dhidi ya Duke. Akaurudia 2004, kisha 2011. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2005 na akastaafu Connecticut mwaka 2012.

Uamuzi mmoja uliodumu

Kocha wa chuo ana tatizo moja na kocha wa shule zetu: wachezaji huondoka. Kwetu wanamaliza sekondari, kwao wanahitimu au wanachukuliwa mapema na timu za kulipwa. Anayeijenga timu juu ya mtu mmoja atarudi sifuri mtu huyo akiondoka. Calhoun aliijenga juu ya fikra: linda ringi, kisha kimbia.

Walinda ringi wake walibadilika. Alikuwapo Emeka Okafor aliyeshinda ubingwa wa 2004, wakafuata Josh Boone na Hilton Armstrong, kisha Thabeet. Kazi ilibaki ileile, na kwa misimu kadhaa mfululizo Connecticut iliongoza vyuo vya Marekani kwa kuzuia mitupo.

Watu wengi hudhani ulinzi wa aina hii ni suala la mtu mrefu kusimama chini ya kikapu. Sivyo. Unaanza mbali na kikapu. Walinzi wa nje humsogelea mwenye mpira kifua kwa kifua ili asipate nafasi ya kutupa kwa utulivu. Wanaweza kujasiri hivyo kwa sababu hata wakipitwa, nyuma yao yupo mtu. Lakini hawapitwi ovyo. Wanaweka mguu upande mmoja na kumwachia mshambuliaji upande wa pili, ule unaoelekea kwa mrefu. Ni kama uzio wa wavuvi wetu: samaki hudhani anajiongoza mwenyewe, kumbe vijiti vinampeleka mtegoni.

Mrefu naye ana masharti yake. Haondoki chini ya kikapu kwa papara, haruki kabla mpira haujatoka mkononi mwa mpinzani, na anaruka mikono ikiwa wima, kwa sababu mikono inayoteremka huleta faulu. Akiuzuia mpira, bora aupoze ubaki uwanjani kuliko kuupiga nje kwa mbwembwe. Mpira uliotoka nje ni wa mpinzani, uliobaki ndani unaweza kuwa wako. Hapo nusu ya pili ya fikra inaanza: pasi ya haraka kwa anayeongoza mchezo, na wenzake wanakimbia pembeni kabla wapinzani hawajajipanga. Ulinzi huu hauzuii pointi tu, unazalisha pointi.

Miaka mitatu ya Thabeet

Thabeet ana urefu wa sentimita 221. Aliuanza mchezo akiwa tayari kijana wa miaka 15 hivi, akapita shule ya sekondari mjini Houston, na akafika Connecticut mwaka 2006 akiwa bado mbichi. Hapa ndipo takwimu zinapozungumza.

Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 na bloki 3.8 kwa mechi. Msimu wa pili: pointi 10.5, ribaundi 7.9, bloki 4.5. Msimu wa tatu: pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloki 4.2. Tazama bloki: tangu mwanzo zilikuwa karibu na kilele chake. Kilichokua kwa kasi ni pointi na ribaundi. Maana yake ni kwamba kocha alimwanzishia kazi moja aliyoweza kuifanya siku ile ile, akamwongezea nyingine taratibu. Hakumtaka awe kila kitu kwa msimu mmoja.

Timu nayo ilipanda pamoja naye: ushindi 17 na vipigo 14, kisha 24 na 9, kisha 31 na 5. Januari 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloki 10. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa NBA.

Kanuni iliyompa nafasi

Katika NBA hakuna tena aliyeona Thabeet yule. Wastani wake wa pointi kwa miaka yake yote huko haukufika 3 kwa mechi. Sababu ni zaidi ya moja, lakini ipo moja ya kikanuni ambayo kocha wa Kwale anapaswa kuishika. NBA ina kanuni ya sekunde 3 kwa mlinzi: hawezi kuganda katika eneo la kikapu bila kuwa karibu na mpinzani anayemlinda. Mchezo wa vyuo vya Marekani hauna kanuni hiyo. Na kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazotumika sehemu kubwa ya dunia nje ya Marekani na hapa Kenya pia, hazinayo vilevile. Mlinzi wetu ana ruhusa ya kukaa langoni.

Zaidi ya hapo, FIBA inaruhusu mtupo uliokwisha kugusa ringi uguswe na mchezaji yeyote, hata ukiwa bado unazungukazunguka juu yake. Vyuo vya Marekani haviruhusu. Na wakati Thabeet alicheza chini ya saa ya sekunde 35 kwa kila shambulizi, sisi tuna 24, kwa hiyo ulinzi unahitajika kuvumilia muda mfupi zaidi. Kwa hesabu ya kanuni peke yake, fikra ya Calhoun inafaa Tiwi kuliko hata ilivyofaa Storrs.

Walioivunja

Uchambuzi wa haki hutazama pia vipigo. Februari 2009 Pittsburgh iliishinda Connecticut 76–68. DeJuan Blair, mwenye kama mita 2 tu, alipata pointi 22 na ribaundi 23, huku Thabeet akiambulia pointi 5 na ribaundi 4. Blair hakushindana naye hewani. Alishusha nyonga, akamsukuma kwa mapaja na mgongo, akamtoa kwenye nafasi yake kabla mpira haujarushwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Blair aliinama. Urefu bila nguvu ya miguu huhamishwa.

Kipigo cha pili kilikuja nusu fainali ya taifa mjini Detroit, Aprili 2009, ambapo Michigan State ilishinda 82–73 kwa kukimbia. Mpira ukipelekwa mbele kabla ya mrefu kurudi, lango halina mlinzi. Dawa yake ni nidhamu ya wengine: baada ya kila mtupo wetu, wawili wanarudi nyuma bila kungoja matokeo.

Katika viwanja vyetu

Mashindano ya muhula wa kwanza huangukia majira ya kaskazi, kwenye joto kali, na mechi nyingi za shule huchezwa kwenye viwanja vya wazi. Upepo huyumbisha mtupo wa mbali, hivyo timu nyingi huamua kupenya hadi chini ya kikapu. Hilo peke yake linampa kocha wetu sababu ya kuanza na ulinzi wa ringi.

Mtafute msichana au mvulana mrefu mara tu anapoingia sekondari, hata kama hajawahi kudaka mpira. Mwaka wa kwanza mfundishe miguu: kuteleza kando bila kuvuka miguu, kukaa chini kwa nyonga, kuruka na kutua mahali pamoja. Mwaka wa pili, kuzuia bila faulu na pasi ya kwanza baada ya ribaundi. Pointi zitafuata. Wafupi wafundishwe kumwelekeza mwenye mpira, na wasifiwe kwa hilo hadharani, kwa sababu bloki za mrefu zimetengenezwa na wao. Andika katika daftari idadi ya mitupo iliyozuiwa, na pia ile iliyobadilishwa au kuachwa kwa hofu.

Lipo pia onyo. Mwaka 2011 Calhoun aliadhibiwa kukosa mechi 3 kwa makosa ya chuo katika kusajili wachezaji, na mwaka 2013, baada ya yeye kustaafu, Connecticut ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu ya rekodi mbaya ya masomo ya wachezaji wake ya miaka iliyotangulia. Makombe matatu hayakuifuta aibu hiyo. Kocha wa shule aliyesahau vitabu vya mwanafunzi wake amesahau sababu ya mtoto kuwa shuleni.

Kwa wakuu wa shule, wazazi na wanaoshika bajeti ya michezo katika kaunti yetu, ombi langu ni hili: mpeni kocha muda wote wa kundi moja la wanafunzi, tangu waingie sekondari hadi wamalize, kabla ya kumhukumu. Msimhamishe baada ya msimu mmoja mbaya, wala msimwongezee majukumu hadi mazoezi yakose saa. Ulinzi hujengwa polepole, na hujengwa na mtu aliyeachwa afanye kazi yake.