Kwa Nini Mtu Hushika Besi: Uhakiki wa Mchezo wa Patrick Süskind

Katika jamaa nzima ya fidla hapana ala iliyo kubwa na yenye taabu ya kuchukuliwa kama besi. Kimo chake hupita kimo cha mpigaji. Mahali pake ni nyuma ya wenziwe. Na uzi wake wa chini kabisa hutetema mara 41 tu katika sekunde moja, hata sauti yake yakaribia kusikiwa na kifua kabla ya sikio. Wasomaji waliopata kuhudhuria taarabu ya Unguja wameiona imesimama kando ya fidla na selo, mpigaji ameikumbatia, na watu wote wanamtazama mwimbaji. Basi huulizwa, na swali hili halina mzaha: mtu mwenye kipawa cha muziki, ambaye angaliweza kushika fidla au nai, hushika besi kwa nini?

Mwandishi Mjerumani Patrick Süskind, aliyezaliwa mwaka 1949, alilijibu swali hili kwa mchezo wa kuigiza uitwao Der Kontrabaß, ulioonyeshwa kwanza mjini Munich mwaka 1981. Jina lake kwa lugha yetu ni Besi tu. Mchezaji ni mmoja, mwanamume wa makamo asiyetajwa jina, mpiga besi katika okestra ya serikali. Yumo nyumbani mwake, katika chumba alichokiziba ili sauti isipite. Anakunywa bia na kuzungumza nasi. Mwanzo anaitukuza ala yake: anasema okestra yaweza kufanya kazi bila ya kiongozi, lakini bila ya besi haiwezi. Kadiri chupa zinavyokwisha, sifa zinageuka kuwa lawama. Besi imemharibia mgongo, imemjazia chumba, imemfanya mtu asiyeonekana. Ampenda msichana mwimbaji aitwaye Sarah, naye Sarah hamjui. Usiku ule ule kuna opera ya Wagner mbele ya wageni wakubwa, naye anajiapiza kwamba kabla ya muziki kuanza atalipiga ukelele jina la msichana huyo. Anatoka, pazia linafungwa, hatuambiwi kama alithubutu.

Katika maneno ya mtu huyu mna dai moja ambalo ndilo tutakalolipima. Asema kwamba hapana mtu azaliwaye kwa ajili ya besi. Kila aliye nayo amefika kwa kuzunguka, kwa bahati, au kwa kuvunjika moyo. Habari yake mwenyewe ni hii: baba alikuwa mtumishi wa serikali asiyependa muziki, mama alikuwa dhaifu na alipiga zumari. Kijana akawa mwanamuziki ili kumwudhi baba. Akachagua ala kubwa mno isiyo na upweke wa kupendeza ili kumwudhi mama. Mwisho akaajiriwa na serikali ili kuwaudhi wote wawili. Kichekesho hiki kimepangwa kwa ustadi. Kila hatua yaonekana kuwa uasi, na jumla ya hatua zote ni utii: mwana amekuwa mtumishi wa serikali kama babaye.

Hata hivyo, kichekesho kizuri si lazima kiwe ushahidi mzuri, na hapa yatupasa kusimama kidogo juu ya lugha. Kiswahili husema kwa nini kwa mambo mawili yaliyo mbali. Aulizwaye “Kwa nini umekuja?” aweza kujibu “Kwa sababu mvua imeniangusha hapa,” au “Ili nikuone.” Jibu la kwanza lataja kilichomsukuma, la pili lataja anachokitaka. Msikilizaji mwangalifu huyatenga. Mpiga besi wa Süskind hayatengi. Atueleza kilichomsukuma, kisha adhani ametueleza yote. Na kwa kuwa kilichomsukuma ni aibu, ahukumu kwamba na kukaa kwake ni aibu pia. Kosa la mchezo, kama ni kosa, limo humo.

Na tuitazame sasa mifano ya watu walioishi kweli, maana dai la kuzunguka si la uwongo.

Giovanni Bottesini alizaliwa Crema, Italia, mwaka 1821. Alikuwa amekwisha kufundishwa fidla. Mwaka 1835 baba yake alipomtafutia nafasi ya kusomeshwa bure katika chuo cha muziki cha Milan, nafasi zilizobaki zilikuwa mbili: moja ya zumari nene iitwayo fagoti, na moja ya besi. Mtoto akajitayarisha kwa majuma machache, akapokewa kwa besi. Serge Koussevitzky, aliyezaliwa Urusi mwaka 1874 katika nyumba ya Kiyahudi isiyo na mali, alifika Moscow angali kijana wa miaka 14. Hakuwa na fedha. Msaada wa masomo ulikuwako kwa ala chache tu zilizopungukiwa na wanafunzi, na besi ilikuwa mojawapo, akaishika. Wote wawili walisukumwa na mfuko mtupu, na mlango walioingilia ni ule usiogombewa na watu.

Huko Marekani mlango ulifungwa kwa kufuli nyingine. Milt Hinton, aliyezaliwa mwaka 1910 na kukulia Chicago, alianza kwa fidla. Katika miaka ile okestra za majumba ya sinema ziliwapa kazi wapiga fidla weusi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zikaanza kusema zenyewe, na kazi hizo zikatoweka. Hinton akageukia besi. Charles Mingus, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa kijana wa selo mjini Los Angeles. Rafiki yake Buddy Collette alimwonya kwamba mtu mweusi hatapewa nafasi katika muziki wa okestra kubwa, na kwamba heri ashike besi apate kazi ya jazi. Ron Carter, aliyezaliwa mwaka 1937, naye alianza selo akiwa na umri wa miaka 10, akaiacha kwa ajili ya besi alipokuwa mwanafunzi Detroit, baada ya kuona jinsi nafasi zilivyowapita vijana weusi.

Mifano hii yaafikiana na dai la mchezo kwa upande mmoja, na kuushitaki kwa upande wa pili. Ni kweli kwamba watu hawa walizunguka. Lakini aliyewazungusha ni nani? Mtu wa Süskind atafuta mkosaji nyumbani kwao, akawapata baba na mama. Mingus na Carter hawakuwa na haja ya kutafuta mkosaji katika ukoo wao. Bawabu alikuwa amesimama wazi mlangoni. Mchezo unaoleta mambo yote katika chumba kimoja kilichozibwa sauti haupati kumwona bawabu huyo. Twacheka, na katika kucheka twasahau kwamba kuvunjika moyo kwa mtu mmoja kwaweza kuwa sheria iliyowekwa na watu wengi. Waswahili wamesema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu huyu ameukuza mzigo wake hata hapana mahali pa kuuona wa mwingine, na mwandishi hakumpa mtu wa pili wa kumjibu.

Tena kuna mfano unaolivunja dai lenyewe. Gary Karr, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1941, alitoka katika ukoo wa wapiga besi. Babu yake na wajomba walikuwa na ala hiyo. Kwake besi ilikuwa jambo la nyumbani, kama jahazi kwa mtoto wa nahodha. Mwaka 1962, baada ya Karr kupiga peke yake mjini New York, mjane wa Koussevitzky alimkabidhi besi ya marehemu mumewe. Hivi ala ambayo kijana maskini aliishika kwa kukosa nyingine ikawa urithi wa heshima mikononi mwa aliyeitaka tangu utoto. Mwaka 1967 Karr alianzisha chama cha wapiga besi cha mataifa, na ala hiyo baadaye aliitoa kwa chama hicho, ili na wengine waipige.

Sasa twende kwenye swali la pili, kwamba nini huwabakisha. Bottesini alipata umaarufu wa kuwa kiongozi wa okestra. Ndiye aliyeongoza Aida ya Verdi ilipoimbwa mara ya kwanza Kairo tarehe 24 Desemba 1871. Aliweza kuiacha besi bila hasara, wala hakuiacha: alisafiri nayo nchi nyingi na kuitungia nyimbo ambazo wapigaji hujipima kwazo hata leo. Koussevitzky kweli aliiacha kwa fimbo ya uongozi, akaongoza okestra ya Boston tangu 1924 hata 1949. Lakini akiwa huko, mwishoni mwa miaka ya 1920, aliichukua tena akarekodi sahani. Mingus aliifanya besi kuwa kiti cha mtungaji, akaiongoza bendi kutoka nyuma. Carter alipiga katika kundi la Miles Davis tangu 1963 hata 1968, na kufikia mwaka 2015 alikuwa amehesabiwa katika rekodi zaidi ya 2,200. Idadi kama hiyo haifikiwi na mtu anayeona haya ya kazi yake.

Kinachowabakisha kimo katika kazi ya ala yenyewe, na chaweza kuonyeshwa kwa mfano mwepesi ambao kila aliyeimba kwaya ataufahamu. Waimbaji wawili na washike do na mi. Chini yao mwenye besi akitia do, sikio husikia uchangamfu; akitia la, sauti zile zile mbili, zisizoondoka mahali pake, husikika kuwa huzuni. Walio juu hawakubadili kitu, lakini maana yao imebadilishwa na yule ambaye hakuna amtazamaye. Huu ni uwezo mkubwa, na wa siri. Aliyeuonja haoni tena kwamba amewekwa nyuma. Aona kwamba ameshika msingi.

Taarabu haikujengwa juu ya mapatano ya sauti za namna hiyo, na kazi ya besi ndani yake ni nyingine. Vyama vya Unguja vilipozikuza bendi zao katika miaka ya 1950 kwa kufuata okestra za Misri, besi iliingia pamoja na safu ya fidla. Humo aghalabu hupigwa kwa vidole, ikashikana na dumbaki na kuyapa mahadhi mahali pa kukanyaga. Watu wakiinuka kutunza, mkono wenye fedha huelekea kwa mwimbaji. Mpiga besi huendelea na pigo lake. Wala jambo hili si geni kwetu. Katika ngoma zetu za zamani vumi ilitoa uvumi wake mzito chini ya mlio wa chapuo, na mwenye kuitikia shairi alijua kwamba bila ya kiitikio mwimbishaji ameachwa peke yake. Lugha yetu hairuhusu dharau ya mwitikiaji kwa urahisi. Kuitika ni adabu kabla ya kuwa muziki.

Huenda mtu akapinga kwamba twamhukumu mwandishi kwa maneno ya mlevi. Pingamizi hili lina haki yake. Süskind hakusema kwamba mtu wake asema kweli. Na katika mchezo wenyewe ameacha alama moja ya kumsuta, ambayo ni rahisi kuipita. Kabla ya kutoka, mtu huyu aweka sahani, nayo ni kipande cha Schubert cha mwaka 1819 kinachojulikana kwa jina la samaki, kilichoandikwa kwa piano, fidla, viola, selo na besi. Kwa desturi ya vipande vya namna hiyo, selo ndiyo hushika chini. Schubert alipoiweka besi chini, selo ikapata uhuru wa kupanda na kuimba. Basi mtu aliyetumia muda mrefu kutuambia kwamba besi ni kizuizi atuachia, pasipo kusema neno, muziki ambao besi imewafungulia wenziwe njia. Sahani yamjibu. Twadhani hapo ndipo penye ubora wa mchezo huu, na kwamba mwigizaji anayeikimbiza sahani hiyo ili apigiwe makofi upesi ameiharibu kazi nzima.

Hukumu yetu ni kwamba mchezo huu ni picha ya kweli ya kinyongo, na ni kitabu dhaifu cha kujifunzia habari za wapiga besi. Wastahili kufasiriwa kwa Kiswahili, na mfasiri hatapata shida kubwa: manung'uniko ya mtumishi wa serikali yana msamiati uliokamilika katika kila mji wetu. Shida yake itakuwa moja, nayo ni lile neno la kwa nini. Akilifasiri kila mahali kwa namna moja, atauficha upotovu wa fikira ya msemaji. Na atenge, pale mtu aelezapo kilichomsukuma aandike kwa sababu gani, na pale ambapo angaliulizwa anachokitaka aandike kwa ajili ya nini. Hapo msikilizaji atagundua kwamba swali la pili, katika mchezo mzima, mtu huyu hakujiuliza hata mara moja.